Kwa Fidelis, Anayekwenda Kufundisha Watoto Mpira

Mlabani, Ifakara
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Fidelis,

Sikuulizi hali. Asubuhi umeniamkia, nimekuitikia, tumekunywa uji meza moja, na hali yako nimeiona kwa macho. Naandika kwa sababu umevuka mto kwenda Lupiro kumuaga bibi yako, na mama yako yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nyumba iko kimya. Nikingoja urudi ili niyaseme kwa mdomo, najijua, nitaishia kukuuliza kama umefunga godoro vizuri.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kuandika barua kila mwezi mama yako amekwishakuambia, tena mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu. Juzi ulipotusomea barua ya mwalimu mkuu wa huko Sumbawanga, kwamba pamoja na hesabu za darasa la tano utashika pia timu ya mpira ya shule, ulisoma haraka haraka kisha ukaikunja. Mama yako akacheka, akasema, "Damu ya kocha hiyo." Wewe hukucheka. Mimi pia sikucheka. Tukatazamana kidogo, halafu ukatoka nje kwenda kukagua baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Nimechoka, Fidelis. Sisemi hivyo ili unihurumie. Mashine ya kukoboa imenimaliza mgongo, vumbi la pumba limekaa kifuani, na jioni zangu zote kwa miaka kumi na minane nimezisimamia uwanjani. Mtu aliyechoka hivi hana nguvu ya kupamba maneno, kwa hiyo huenda leo nikaweza kusema kweli.

Mpira nilifundishwa jeshini, nikiwa kijana kuliko wewe. Afande wetu alikuwa na mpira mmoja na watu hamsini, basi akawa anatukimbiza. Nilipoanzisha timu ya watoto hapa Mlabani nilikuwa na mpira mmoja na watoto ishirini na sita. Nami nikawakimbiza. Sikujua kwamba kuna namna nyingine.

Ratiba yangu unaikumbuka. Saa kumi kamili, filimbi. Anayefika baada ya filimbi anaruka kichura kuzunguka uwanja. Kisha mizunguko kumi kwa wote, pushapu, halafu foleni. Watoto ishirini na sita wamejipanga mstari mmoja, mimi nautupa mpira, mtoto anapiga golini, anarudi nyuma ya foleni kungoja zamu yake. Miaka mingi baadaye nilikaa nikafikiria: kwa saa nzima mtoto mmoja alikuwa anaugusa mpira mara tano, labda sita akiwa na bahati. Muda wote uliobaki alikuwa anasimama juani akinisikiliza mimi. Na mimi nilikuwa nasema. Nilisema kuhusu moyo, kuhusu uvivu, kuhusu wachezaji wa zamani waliocheza pekupeku. Nilikuwa na sheria kwamba mazoezini anaongea mtu mmoja. Anayejibu, mizunguko mitatu. Anayelalamika, mitatu. Anayecheka, mitatu.

Wazazi walipenda sana. Walikuwa wanapita na baiskeli zao kutoka shambani, wanasimama, wanaambiana, "Huyu kocha ana nidhamu." Nikisikia hivyo napaza sauti zaidi.

Wewe ukawa golikipa. Sikukupanga mimi, siku ya kwanza tu ulikwenda ukasimama kati ya yale mawe mawili kana kwamba umekuwa ukisimama pale siku zote, na ulikuwa mzuri, mzuri kweli, sijui kama niliwahi kukuambia. Lakini ulikuwa mwanangu. Nikaanza kuhisi minong'ono kwamba kocha anambeba mtoto wake. Hakuna aliyeniambia usoni. Labda hata hiyo minong'ono haikuwapo, niliisikia mwenyewe kichwani. Basi nikaamua kuwaonyesha watu kwamba sina upendeleo. Mwenzako akikosa nilimkemea mara moja, wewe mara tatu. Nilikuwa nakuonea ili nionekane mtu wa haki, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo.

Mwaka ule vyama vingi vya siasa vilipoanza ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Jumapili tulikuwa tunavuka kwenda kucheza na watoto wa Lupiro, fainali ya kombe la mbuzi. Jumanne kabla ya mechi hiyo, mazoezini, mpira wa kawaida kabisa ulikupita katikati ya mikono. Nikapiga filimbi. Nikasema, "Baki golini. Wengine wote njooni hapa kwenye penalti, mmoja mmoja. Pigeni kwa nguvu. Atakayepiga kwa huruma nitamkimbiza mpaka giza."

Wa saba au wa nane alikuwa Masanja, yule mtoto wa Kisukuma ambaye familia yao ilikuwa imehamia na ng'ombe. Alikuwa na mguu mzito kuliko umri wake. Akapiga, ukaudaka, ukauachia, ukainama na kuuweka mkono katikati ya magoti. Masanja akageuka kuniangalia.

"Kocha, ameumia."

Nikamwambia, "Mizunguko mitatu."

Akaenda kukimbia. Nami nikamwita anayefuata.

Ulikaa golini mpaka wa mwisho. Baada ya ule wa Masanja ulidaka mingine tisa. Niliihesabu, nikafurahi, nikajiambia kwamba dawa imeingia.

Mama yako ulimwambia umejigonga mlangoni. Akakufunga kidole kwa kipande cha kanga. Mimi nilikiona kile kitambaa, Fidelis. Nilikiona Jumatano, nikakiona Alhamisi, na sikuuliza.

Jumapili Lupiro walitufunga matatu. Kwenye pantoni ya kurudi, katikati ya baiskeli na magunia ya mpunga na akina mama waliobeba kuku, nilisimama nikasema kwa sauti ya kila abiria kusikia kwamba ningekuwa na golikipa mwenye moyo tungekuwa tunarudi na mbuzi. Wewe ukawa unaangalia maji. Watoto wengine wakaangalia miguu yao. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake karibu na wewe, akanivuta shati.

"Baba, acha kwanza maneno. Mtoto mkono umemvimba huyu."

Hapo ndipo niliushika mkono wako. Kitambaa kilikuwa kimezama kwenye nyama.

Hospitalini muuguzi alikifungua taratibu, akakuuliza, "Kiliumia lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumapili, mwanangu. Mbona hukumwambia baba?"

Ukamjibu, "Mazoezini haturuhusiwi kuongea."

Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu aliyeulizwa jina lake. Muuguzi akaniangalia mara moja tu, kisha akainamia kadi akaandika. Akatuambia mfupa umekwishaanza kushika vibaya, kwamba kidole kitafanya kazi lakini hakitanyooka.

Ningependa kukuambia kwamba siku ile nilikuomba radhi. Nilikununulia soda. Tulikunywa tumesimama nje ya duka, wewe umeshika chupa kwa mkono wa kushoto, na mimi nikawa nazungumza habari za mvua kuchelewa.

Bandeji ilipotolewa hukurudi uwanjani. Hukutangaza kwamba umeacha. Ikifika saa kumi tu, una kazi: unachota maji, unamsaidia mama yako, unasoma. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, kisha nikamweka golini mtoto mwingine. Kuanzia hapo mimi na wewe tuliishi nyumba moja miaka saba bila kuzungumza mpira. Nikiwasha redio kusikiliza mechi unatoka polepole, kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilikuwa napunguza sauti ili usikie kwamba nimepunguza. Hiyo ndiyo njia niliyoijua ya kukuita.

Masanja naye akapotea. Nikadhani ni mambo ya ng'ombe. Siku moja akaja mashineni na mpunga wa kwao, akaniamkia, nikamuuliza mbona haonekani.

"Niliogopa, Kocha."

"Unaniogopa mimi?"

"Hapana. Naogopa kupiga." Akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. "Nikitaka kupiga tu, namwona Fidelis anaweka mkono katikati ya magoti."

Akachukua mchele wake akaenda. Mimi nikazima mashine, nikakaa juu ya mfuko wa pumba mpaka mwenye mashine akaja kuuliza kama umeme umekatika. Mpaka siku hiyo nilikuwa nafikiri nimeharibu kidole kimoja.

Kuna kitu mama yako hajui mpaka leo. Ile safari niliyosema nakwenda kutafuta mkanda wa mashine, sikwenda kutafuta mkanda. Nilipanda treni nikaenda kule kwenye mashamba ya miwa, kwa kocha mmoja anayeitwa Ramadhani, mtu wa Kigoma, fundi wa kuchomea vyuma. Watoto wake walikuwa wametufunga mara mbili na nilikuwa nasema ni kwa sababu wanakula vizuri. Nikamkuta uwanjani. Hakuwa na filimbi.

Alikuwa na mpira mmoja wa dukani, kama mimi. Mingine sita ilikuwa ya chandimu, makaratasi na matambara yaliyokazwa kwa kamba. Alikuwa amewagawa watoto wanne wanne, magoli ya matofali, vijiwanja vidogo vidogo kila kona, na kila mtoto alikuwa anakimbia kwa sababu mpira ulikuwa karibu naye. Nilitafuta foleni, sikuiona. Kelele zote zilikuwa za watoto: "Hapa! Nyuma yako! Mwachie!" Wana wa Waislamu, wa Wakristo, wa watu waliotoka mikoa ambayo sijawahi kufika, wote wanaitana. Ramadhani anatembea kati yao mikono nyuma.

Mtoto mmoja akapoteza mpira vibaya sana. Mimi mwili wangu wote ulikuwa tayari kupiga kelele, huko niliko mgeni. Ramadhani akachuchumaa karibu naye.

"Pale ulikuwa unaona nini?"

"Nilimwona Saidi."

"Na nyuma ya Saidi?"

Mtoto akageuka, akatazama. "Juma."

"Haya, cheza."

Akainuka akaenda zake. Nikangoja hotuba iendelee. Haikuwapo.

Tulipokaa baadaye nikamuuliza, "Wewe huwakemei?"

Akasema, "Nikimkemea ataniangalia mimi. Nataka aangalie uwanja."

"Na anayechelewa?"

"Namuuliza alikuwa wapi. Wengine wanabaki na wadogo zao mpaka mama atoke zamu."

Nikamuuliza amejifunza wapi mambo haya. Akakwaruza mikono yake iliyojaa alama za moto, kisha akasema, "Kuna mmoja nilimharibu." Nami sikumdadisi, kwa sababu angeweza kuniuliza na mimi.

Usifikiri nilirudi Ifakara mtu mpya. Wiki ya kwanza niligawa watoto makundi, nikashona mipira ya matambara, nikaacha filimbi nyumbani. Wiki ya pili nilirudi kuichukua. Kinywa changu kilikuwa kimezoea. Nilikuwa naanza vizuri, nachuchumaa, nauliza, na ifikapo saa kumi na moja na nusu jua limenipiga, mgongo unauma, nimesimama tena katikati ya uwanja napiga kelele. Kesho yake naanza upya. Ndivyo ilivyokuwa, siku nzuri mbili, mbaya moja, na kwa miaka.

Wazazi wale wale waliokuwa wananisifu wakaanza kusema kocha amezeeka, watoto wanacheza chandimu tu, hakuna mazoezi. Baadhi wakawaondoa watoto wao. Mbuzi hatukupata, mwaka ule wala mwingine wowote. Ila niligundua kwamba hakuna mtoto aliyekuwa anaacha. Zamani kila mvua zikianza nilikuwa napoteza nusu ya timu, nami nasema wamekosa moyo. Sasa walikuwa wanakuja hata uwanja ukiwa tope.

Masanja nilimfuata kwao. Niliendesha baiskeli mpaka kwenye boma lao, nikamsalimu baba yake, nikaomba mtoto arudi. Ndipo nikajua kwamba mtoto yule alikuwa na zamu ya kunywesha ng'ombe mpaka saa kumi na nusu, na kwamba siku zote nilizomrusha kichura alikuwa amekuja mbio kutoka mtoni. Hakuwahi kuniambia. Angeniambiaje? Nikamwambia aje saa atakayoweza. Akarudi, akawa beki wa kushoto, wa kawaida tu, anayepiga pasi fupi fupi. Penalti hakupiga tena hata moja.

Huko uendako utakuta mpira mmoja, pengine umetoboka, na watoto wengi kuliko majina unayoweza kushika wiki ya kwanza. Hayo hayanitishi. Ninachokiogopa kwa ajili yako ni jioni ambazo utakuwa umechoka. Umefundisha tangu asubuhi, mshahara haujafika, una homa kidogo, na mtoto anakosea kile kile ulichomwonyesha jana. Watu wakisikia habari ya kidole chako watafikiri nilikuwa mtu mkatili. Sikuwa mkatili, Fidelis, nilikuwa nimetoka mashineni nimechoka, na mkononi nilikuwa na filimbi na mbele yangu kulikuwa na watoto wasioruhusiwa kuongea. Siku kama hiyo ikikufikia, wape mpira wacheze wenyewe, wewe kaa chini. Hakuna mtoto atakayeharibika kwa siku moja ya kucheza bila kufundishwa.

Sasa nikuambie ya wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimelala na malaria, na sikukuomba kitu. Saa kumi nikasikia mlango, mama yako akaja kuniambia, kwa kunong'ona kama mtu anayeogopa kufukuza ndege, "Amekwenda uwanjani. Amesema watoto watakuwa wanangoja."

Nilingoja atoke chumbani, nikaamka. Nilichukua baiskeli, nikaisukuma maana kuipanda nisingeweza, nikaja mpaka nyuma ya ukuta wa shule. Hukuniona. Nitakuambia ukweli kwamba sikuja kukupongeza. Nilikuja kukusahihisha. Njiani nilikuwa tayari nina maneno mdomoni.

Ulikuwa umewagawa nusu kwa nusu wanacheza. Yule golikipa wetu mdogo akafungwa bao la kizembe, bao ambalo hata mimi nyuma ya ukuta nilisema "aah". Mtoto akakaa chini, akaficha uso kwenye magoti. Nikakuona unatembea kumwendea. Mikono yangu ilikaza kwenye usukani wa baiskeli. Ukafika, ukakaa naye chini, kwenye vumbi, na suruali yako ya ualimu. Goli likabaki wazi. Mchezo ukaendelea, wakafunga moja, wakafunga la pili, na wewe hata hukugeuza shingo. Sikusikia ulichomwambia. Nadhani kwa muda mrefu hukumwambia kitu. Yeye ndiye aliyekuwa anaongea. Alionyesha kwa mkono, huku, kule, akakuonyesha mguu wake, akaongea tena, na wewe ukawa unatikisa kichwa. Kisha akainuka mwenyewe, akajifuta, akarudi kusimama mahali pake.

Mimi sikukufundisha hilo. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka siku hata moja ambayo ungeweza kuwa umeniona nikilifanya, sikuipata. Nikageuza baiskeli, nikarudi kulala, na uliporudi ukaniuliza kama nimeweza kula, nikasema kidogo.

Kwa hiyo unaona, barua hii ya ushauri haina ushauri mwingi. Kazi utakayoifanya huko unaijua kuliko mimi. Nimeandika yote haya ili nifike kwenye sentensi moja, na nimezunguka sana kwa sababu naiogopa. Kidole chako nilikivunja mimi. Masanja alipiga mpira tu, kama alivyoamriwa. Nilikivunja mimi, nikakuacha nacho siku tano, na nikakuaibisha mbele ya watu ukiwa na maumivu. Nisamehe, mwanangu.

Usinijibu kesho stesheni. Kutakuwa na watu na mizigo, mama yako atakuwa analia, na mimi nitakuwa nafanya haraka haraka kama kawaida yangu. Wala usijione una deni la kunijibu jambo hili. Ila ukishawazoea watoto wako wa huko, niandikie majina yao. Niambie nani anacheza nafasi gani, nani anachelewa na alikuwa wapi. Nitasoma yote.

Ni mimi,
Baba yako